Halikuwa Tawi la Mpera

Mtoni, Alhamisi alasiri

Mama'angu Zaituni,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kujuliana hali: mie mzima, sijui wewe huko uliko. Wewe uliko ni Kigamboni, umevuka na pantoni tangu saa nne kwenda kumuaga shangazi yako, na jioni utarudi tule sinia moja. Kwa hiyo salamu nimeziruka. Najua u mzima kwa sababu asubuhi umenigombeza kwa kuegesha baiskeli mlangoni. Naandika kwa kuwa kuna neno ambalo uso kwa uso linanishinda. Wiki hii nimelijaribu mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza kama umekula.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa watu wa bwana harusi wanakuja kukuchukua. Keshokutwa wewe na Selemani mnaanza safari ya Mtwara, alikohamishiwa kazi yake ya ukarani bandarini. Mambo ya jikoni, ya mume, ya kukaa na mawifi, somo yako amekufunda siku saba mlango umefungwa, na mie sina la kuongeza. Nina vitu viwili tu vya kukupa. Kimoja ni habari ya jicho langu. Cha pili ni bahasha ya kaki iliyobanwa nyuma ya barua hii. Imefungwa kwa gundi, ina jina lako, na ndani yake mna jibu linalokuhusu wewe na watoto utakaozaa. Usiifungue bado. Soma kwanza, halafu utaamua kama unaitaka.

Tangu ukiwa mdogo unajua jicho langu la kushoto ni la kioo. Ulikuwaga unawaita wenzio wa mtaani waje wanione nikilivua kuliosha, wakakimbia, nawe ukabaki kifua mbele kama mwenye duka. Na unajua, kama ukoo mzima unavyojua, kwamba nilichomwa na tawi la mpera nikiwa na miaka miwili, nyuma ya nyumba ya bibi yako. Mpera wenyewe ulikuwepo, wageni wakionyeshwa. Sasa nakwambia, mama, halikuwa tawi la mpera. Ilikuwa saratani. Uvimbe uliota ndani ya jicho, na daktari wa enzi hizo aliling'oa jicho lote, nami nikapona.

Habari ya mpera aliitunga bibi yako, huyo unayeitwa jina lake. Usimlaumu haraka. Kaka yake wa tumbo moja alikufa mdogo, jicho limemvimba kama ngumi, na watu wakasema kijicho, wengine wakasema laana. Yeye bibi macho yake yalikuwa mazima yote mawili mpaka tunamzika, akitunga uzi kwenye sindano bila kubahatisha. Lakini alijua wanaokuja kuposa huuliza. Kuna ukoma? Kuna kifafa? Kuna wazimu, kuna maradhi ya ukoo? Tawi la mpera si la ukoo, hata mtoto wa liwali lingemchoma. Nilipotimiza miaka kumi na tano aliniita uani akanieleza yote, mpaka dalili ya kwanza ilivyokuwa: mboni iling'aa weupe, kama kuna kitu kimewashwa mle ndani. Kisha akaniambia nifukie.

Nikafukia. Mshenga alipokwenda kwa kina mama yako, babu yako aliuliza habari ya chongo langu, akajibiwa mpera. Mashoga zake mama yako walimtania kwamba ukipenda chongo utaita kengeza, naye akacheka, akaingia nyumba hii akiamini alichoambiwa. Mie nilijisemea jambo lenyewe limekwisha, lilitupwa pamoja na lile jicho.

Na usidhani nilikuwa mjinga wa mambo haya. Nilikuwa nimeshaajiriwa maabara ya hospitali, kile chumba tulichokiita chumba cha nta. Madaktari wakimpasua mgonjwa wakatoa uvimbe, huletwa kwetu kipande. Sie tunakikausha maji kwa spiriti, tunakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikiganda unapata kibonge mfano wa kile kisabuni cha gesti. Kibonge kinapita kwenye mashine yenye wembe, kinakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, vinatiwa rangi, daktari anavitazama kwa darubini. Nilikuwa fundi, nakwambia bila haya. Vibonge vya watu wasiojulikana nilivishika kwa heshima kuliko nilivyoushika ukweli wa nyumbani kwangu.

Ndipo akazaliwa kaka yako Idrisa. Wewe unamjua kwa picha ya sebuleni tu, yule mtoto wa mwaka mmoja kwenye kiti cha ukindu, shati la mistari, macho meusi tititi. Siku ya picha tulikwenda studio Kariakoo sote watatu. Siku ya kuichukua nilikuwa na mama yako pia, ila yeye alibaki nje kwenye duka la kanga. Mpiga picha akanisukumia picha juu ya meza, anacheka. Alisema mtoto jicho moja limetoka kama la paka, ni taa tu hiyo iliyomwakia usoni. Nikatazama. Jicho la kulia lilikuwa jeusi. La kushoto, mboni nzima ilikuwa nyeupe.

Nilijua papo hapo, Zaituni. Hakuna aliyehitaji kunifundisha. Nikashika meza. Na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa yangu, si ya shetani wala ya mtu mwingine. Nilimwambia, "Lizibe hilo."

Siku zile mafundi wa studio walijua kazi hiyo. Walikuwa wakiondoa makovu, wakiongeza nyusi, wakimfunga tai mtu asiye na tai. Alichukua brashi ya nywele chache, akachovya wino, akaweka kitone kimoja. Nikatoka nje na picha ya mtoto mwenye macho mawili mazuri. Mama yako aliibusu, akaitundika siku ile ile.

Nilikaa kimya miezi saba. Najua utaniuliza kwa nini, maana nami nimejiuliza zaidi yako. Kumpeleka mtoto hospitali na kutamka ninachokijua ilikuwa ni kumwambia mama yako na wazazi wake kwamba walidanganywa. Kila Jumatatu nilisema Jumatatu ijayo. Nilijiambia labda ni taa kweli. Mie, niliyekuwa nakata uvimbe wa watu kutwa, nilimnunulia mwanangu mafuta ya samaki. Kisha asubuhi moja mama yako anamwogesha uani, jua likampiga usoni, naye akaona. Akaniita: Baba Idrisa, njoo utazame jicho la mtoto. Nikaenda, nikainama, nikashangaa. Niliigiza mshangao mbele ya mke wangu, na katika yote haya ndilo ninalolionea haya kupita yote.

Walimng'oa jicho wiki ile ile, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapita nyuma kwa mshipa wa jicho kuelekea kichwani. Hakufika miaka mitatu. Alikuwa anaimba, unajua? Hakuwa na maneno mengi, lakini kila akisikia kengele ya baiskeli yangu alikuwa anaiimbia.

Lile jicho lililetwa chumba cha nta. Mkuu wangu wa kazi aliniambia niende nyumbani, kazi hii ataifanya mwingine. Nikakataa. Sijui ulikuwa uchungu au ubishi, lakini niliona nikimwachia mtu mwingine nitakuwa nimemkimbia mwanangu mara ya pili. Kibonge chake nikakikata mwenyewe, nikakitia rangi mwenyewe, na nikainama kwenye darubini kabla ya daktari.

Naomba unisamehe kwa hili ninalotaka kusema. Palikuwa pazuri. Sikuwa nimejiandaa. Nilitegemea kuona uchafu, usaha, kitu kinachofanana na kifo. Niliona seli ndogondogo za buluu zimejipanga duara, duara hadi duara, kila moja ina nafasi tupu katikati, kama wanawake waliozunguka wakisubiri mwali atoke. Daktari baadaye alinieleza kwamba seli zile zilikuwa zinajaribu kuwa jicho. Zilikuwa zinajenga kile zilichoumbwa kujenga, ila zimesahau kuacha. Nilisimama pale nimeduwaa, machozi yananitoka upande mmoja, nikasema subhanallah, na sikujua nalisema kwa ajili gani.

Siku ya tatu ya matanga, watu walipotawanyika, nilimweleza mama yako yote, kuanzia mpera mpaka wino. Hakupiga kelele. Alikunja mkeka kwanza, akausimamisha ukutani. Kisha akasema, "Ningempenda na chongo lake. Si nilikupenda wewe na lako?" Kwa nini hakuondoka sikuwahi kumuuliza, nawe ukimuuliza usiniambie.

Ilipotungwa mimba yako, mama yako aliweka sharti moja: mtoto huyu atatazamwa tangu siku ya kwanza, na aliyechoka kutazama ahame. Basi zile safari za hospitali ulizodhani ni za chanjo, kila baada ya miezi michache unapewa dawa ya kulala na kuamka unalilia maji, zilikuwa hizo. Daktari alikuwa anakufungua kope na kutazama nyuma ya jicho lako kwa taa. Ulikwenda hivyo mpaka ukatimiza miaka mitano. Macho yako yalikuwa safi, na safi, na safi.

Wakumbuka maduka yalipofunguka na vitu vikaanza kuingia, binamu yako akaja na kamera ndogo ya kuwaka taa? Kila picha ulitoka na macho mekundu. Ulilia, ukasema umetoka kama jini, ukazichana mbili. Nyingine ulizitupa jalalani, na hukujua nani alizirudisha. Ninazo zote, Zaituni, kwenye sanduku la nguo za kazi. Jicho zima likipigwa na taa hurudisha wekundu wa damu iliyo nyuma yake. Weupe ni kwamba kuna kitu kimesimama njiani. Wewe ulipoona jini mie nilikuwa naona mtoto mzima, kulia mzima, kushoto mzima, na nilikuwa nikizitazama picha zile kwenye chumba cha nta wakati wa chai.

Sasa nije kwenye kile kibonge. Wakati wa dhiki, sabuni kwa foleni, nta nayo ikawa haipatikani. Amri ikatoka tuyeyushe vibonge vya zamani ili nta itumike upya. Tulivitia kwenye sufuria, tukachuja vipande vya nyama, tukaendelea na wagonjwa wapya. Silaumu mtu, wagonjwa hawakuwa na subira ya kungoja meli. Lakini zamu yangu ilipofika kwenye rafu ya mwaka ule, nilikitoa kibonge cha Idrisa nikakitia mfukoni. Ndicho kile kilichokuwa kwenye kopo la kakao juu ya kabati. Uliwahi kukitoa ukauliza kama ni kipande cha mshumaa, nami nikakunyang'anya kwa nguvu mpaka ukashangaa. Nilikihifadhi kwa kuwa nilitaka kiwepo, basi. Mtu angeniuliza cha nini, nisingekuwa na jibu.

Jibu lilikuja miaka ishirini baadaye kasoro kidogo. Daktari Upendo, binti wa Kilimanjaro mwenye sauti ya kuagiza, alirudi kutoka masomoni akakuta ninamalizia siku zangu za kazi kabla ya kupunguzwa. Siku moja alinitazama jicho, akaniuliza moja kwa moja kama lilikuwa uvimbe. Watu wote wa maisha yangu waliuliza kwa kuzunguka. Yeye aliuliza kama anayeuliza saa. Nikajikuta namjibu. Nikamweleza na habari ya Idrisa, na ya mjomba yule aliyekufa mdogo. Aliposikia nina kibonge, aliketi chini.

Alinieleza hivi, nami nakueleza nilivyoelewa. Katika kila seli ya mwili kuna jeni fulani yenye kazi ya kuizuia seli isizidi kuzaana. Akatazama baiskeli yangu akasema ni breki. Na kila mtu anazo mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Moja ikikatika, ya pili inashika, mtu anaishi bila kujua. Zikikatika zote mbili katika seli moja tu ya jicho la mtoto, seli ile inateremka mlima. Mie nilizaliwa na breki moja imeshakatika, nilipewa na bibi yako, na yeye ile ya pili haikumwangusha hata siku moja. Nikampa Idrisa hiyo hiyo mbovu.

Alichukua damu yangu, akachukua na ya mama yako. Alikwangua chembe za nta kutoka kwenye kibonge, kiasi cha chumvi unayobana kwa vidole, akavituma vyote nje kwa rafiki zake. Miezi ikapita. Ndipo akaniita, akainua dirishani karatasi kama ile ya eksirei, ina mistari myeusi. Alisema karibu na jeni ile kuna alama, yaani neno fupi linalorudiwarudiwa, na idadi ya kurudiwa hutofautiana baina ya watu. Ukihesabu alama unajua nakala ipi imetoka kwa nani. Safu ya kwanza ilikuwa damu yangu, mistari miwili. Ya pili ya mama yako, mistari miwili, mahali pengine kabisa. Ya tatu ilikuwa uvimbe wa Idrisa, na ulikuwa na mstari mmoja tu.

Nikauliza mwingine uko wapi. Akasema uvimbe uliutupa. Nakala ya mama yake, iliyo nzima, ilipotea katika seli ile ya kwanza, na ndiyo maana ikateremka. Uliobaki ni huu. Akapitisha kidole kwa upande kutoka mstari ule mpaka kwenye safu yangu, na mistari ikaoana. Mstari wangu wa chini.

Zaituni, niliwaza nini pale sijui nikuandikieje. Mtoto aliyezikwa na meno kumi na sita, aliyekuwa hajui kusema jina lake, kwenye kipande cha nta kilichokaa kwenye kopo la kakao, amehifadhi ndani yake saini yangu mie na pengo la mama yake. Kilichomuua kiliandikwa, na maandishi yakasubiri mtu ajifunze kusoma. Nilikuwa nimevikata vibonge elfu na elfu, nikivitazama rangi na umbo, na muda wote huo ndani yake kulikuwa na maneno. Hofu ilikuwepo, lakini zaidi yake kulikuwa na kitu kama kile unachosikia imamu akisoma vizuri sana na wewe huelewi Kiarabu.

Palikuwa na safu ya nne. Daktari Upendo alikuwa ameifunika kwa kadi. Safu hiyo ilikuwa yako.

Sasa unakumbuka. Mwaka jana ulipokuwa na homa nilikutoa damu hapa sebuleni, nikasema ni ya kupima malaria. Nilipima malaria, wallahi, na ulikuwa nayo. Lakini nilijaza chupa mbili. Ya pili niliipeleka kwa daktari nikamwambia umekubali, na mama yako aliponiuliza nikamwambia hivyo hivyo. Nilijidanganya kwamba naficha kwa wema, nisikutie hofu bure. Nimezeeka nikiwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa, kufunika.

Daktari aliniuliza mara ya pili, ananitazama hili jicho linaloona: Zaituni amesema mwenyewe anataka kujua? Nikababaika. Alielewa. Alibana kadi kwa kidole gumba, na nakuapia jicho langu moja lilijaribu kupenya kadi ile kwa nguvu zake zote. Nilimsihi. Nilimwambia mie ni baba yake.

"Mzee," alisema, "hii si yako. Ni ya mwenyewe."

Akaandika jibu, akalitia kwenye bahasha, akaibandika gundi mbele yangu. Ndiyo hiyo. Inasema kama ulipata mstari wangu wa juu au wa chini. Ukiwa wa juu, mambo yameishia kwangu, na wanao ni kama watoto wa jirani. Ukiwa wa chini, basi wewe ni kama bibi yako: unayo, na haikukugusa machoni, lakini kila mtoto utakayezaa ana nusu ya uwezekano wa kuipata. Daktari anasema mtoto wa namna hiyo akitazamwa tangu wiki za mwanzo, uvimbe ukionekana ukiwa mdogo kama punje ya mtama, anaishi, na mara nyingine na jicho lake hubaki. Tena anasema wenye mstari huo inawapasa kuangalia afya zao zaidi ya wengine maisha yote. Nami najua Mtwara ilivyo, masika barabara ikikatika Rufiji hakuna anayekuja wala anayekwenda. Ndiyo sababu nimekesha na jambo hili tangu Selemani alipopata uhamisho.

Usipotaka kuifungua, usiifungue. Waweza kuichoma. Waweza kuiacha ikae miaka kumi. Unaweza ukaja kuzaa hapa Dar kila mimba, watoto wakatazamwa wote pasi na kujua, nami baiskeli ninayo, nitawapeleka. Hayo yote ni yako kuamua, na ya kumwambia Selemani au kutomwambia ni yako pia. Sitakuwekea neno kinywani. Nimewawekea watu wa kutosha maneno vinywani.

Lakini kuna lililo langu. Washenga wa Selemani walipokuja hapa kutoka Kurasini waliuliza, kwa adabu zao, habari za ukoo na habari ya jicho la mzee. Baba yako mkubwa Shomari akacheka, akajibu, "Tawi la mpera." Wakanigeukia. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nina miaka hamsini na saba, nimemzika mtoto kwa uongo huo, na niliurudia nimekaa kwenye zulia langu mwenyewe na kahawa mkononi. Wewe ulikuwa chumba cha pili unacheka na wenzio. Nilikusikia.

Juzi nilimweleza mama yako habari ya chupa ya pili na habari ya bahasha. Jana mchana nikaiteremsha picha ya Idrisa ukutani, nikaitoa kwenye kioo, nikaiweka mezani, nikamuuliza kama ananiruhusu. Alikwenda chumbani. Nikadhani amekataa. Akarudi na pamba na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli.

Niliupangusa wino kwa ncha ya pamba, taratibu kama kazi ya zamani. Ulitoka rahisi, mama. Uongo wa miaka yote hiyo ulitoka kwa maji matupu. Chini yake weupe ulikuwepo vile vile, mwangavu, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtoto niliyekuwa nimemsahau. Mama yako aliinama juu yake muda mrefu. Akasema, "Huyu ndiye mwanangu. Yule mwingine simjui."

Tumeitundika pale pale. Kesho watu wa Kurasini wataketi chini yake, mbele ya mlango, na mmoja atauliza, maana watu huuliza. Nitasimama niseme huyu ni Idrisa mwanangu, na hili jicho langu ni sawa na lile lake, na siku ya posa niliwadanganya. Wakiniona sina heshima, ni haki yao. Habari ya bahasha sitaitaja kwa mtu yeyote. Kama unaona nisiseme hata hili langu kesho, uniambie leo nami nitakusikiliza, ila picha naomba ibaki.

Kibonge kimerudi kwenye kopo la kakao. Ukikihitaji siku moja, wewe au mwanao, kipo, na hakuna atakayekiyeyusha.

Nasikia hodi yako uani, na mama yako anacheka kwamba umeleta korosho badala ya ndimu. Utapita sebuleni kabla hujafika kwangu. Utamwona kaka yako. Nimekaa hapa nakusubiri uniulize, na safari hii nitakujibu.

Mie baba yako, mwenye chongo la kuzaliwa.